Kuendesha Gari Barabara Zinapofurika: Mwongozo Kamili kwa Dereva wa Masika na Vuli

Mto Msimbazi hukusanya maji yake kuanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, ukakatiza Dar es Salaam, kisha ukaingia Bahari ya Hindi karibu na Daraja la Salender. Ndiyo maana bonde la Jangwani, ambalo Barabara ya Morogoro hulivuka kati ya Magomeni na katikati ya jiji, linaweza kujaa maji wakati Kariakoo hakuna hata tone linalodondoka. Dereva anayetazama mawingu ya juu ya kichwa chake peke yake hukutwa amekwishaingia bondeni, foleni iko nyuma yake na maji yako mbele. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: uamuzi wa kupita au kugeuza unapaswa kuwa umekwishafanyika, kwa kiasi kikubwa, kabla hujafika kwenye maji, kwa sababu ukingoni dereva huwa na haraka, huwa na abiria wanaonung’unika, na huwa na gari jingine lililotangulia kupita.

Kabla ya kuondoka

Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na usisikilize wa wilaya yako tu. Taarifa zake za hali mbaya ya hewa hutolewa kwa ngazi tatu, yaani angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, na kila ngazi hutaja mikoa inayohusika. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Dodoma anapaswa kujua mvua ilivyonyesha upande wa Kilosa na milima inayomwaga maji kuelekea Dumila, ambako mafuriko ya Januari 2014 yalikata barabara kuu na kuwaacha wasafiri wamekwama pande zote mbili. Anayekwenda Lindi na Mtwara akumbuke kwamba mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya mwezi Mei 2024 ziliikata barabara hiyo eneo la Somanga, na kwamba kwenye barabara ya namna hiyo njia mbadala inaweza kuwa mzunguko wa mamia ya kilomita.

Baada ya utabiri, piga simu kwa mtu aliyeko njiani. Dereva wa basi aliyepita alfajiri, ndugu anayeishi karibu na daraja, au mwenye duka la pembeni mwa barabara atakupa habari mpya kuliko picha iliyosambazwa tangu jana. Panga njia ya pili kabla hujaihitaji. Mkazi wa Dar es Salaam anayejua kwamba Jangwani hufungwa anaweza kuelekea mapema Barabara ya Ali Hassan Mwinyi au Daraja la Tanzanite, badala ya kugundua hilo akiwa Magomeni Mapipa saa kumi na mbili jioni pamoja na jiji zima. Jaza mafuta, chaji simu, beba maji ya kunywa, tochi na kamba ya kuvutia gari, kisha mwambie mtu njia utakayopita. Kama safari inaweza kusubiri asubuhi, isubiri: usiku huwezi kutofautisha lami iliyolowa na shimo lililojaa maji, na taa za gari hazisaidii, kwa kuwa mwanga wake hurudishwa na uso wa maji.

Lijue gari lako kwa sentimita

Madereva wengi wanajua gari lao linakula lita ngapi, lakini hawajui maji yanapaswa kufika wapi ili liache kuwatii. Chukua futikamba na fimbo imara, nenda kwenye gari likiwa limeegeshwa mahali tambarare, upime vitu vitatu. Pima kwanza umbali kutoka ardhini hadi ukingo wa chini wa mlango. Kisha pima kutoka ardhini hadi katikati ya rimu. Kwa gari kama Toyota Vitz au IST lenye tairi za kawaida, hapo ni takriban sentimita 29 hadi 31. Halafu fungua boneti, fuata bomba linaloingia kwenye kichujio cha hewa hadi uone mdomo wake unapoanzia, kwa sababu hapo ndipo injini inapovutia hewa na ndipo itakapovutia maji. Kwenye magari mengi madogo mdomo huo uko mbele, nyuma ya taa kubwa au juu kidogo ya bampa, chini zaidi ya wengi wanavyodhani. Weka alama hizo tatu kwenye fimbo kwa rangi au utepe, na fimbo hiyo ikae kwenye buti msimu mzima.

Kipimo hiki kina sababu yake. Sehemu ya chini ya gari dogo, yenye urefu wa mita 3.8 na upana wa mita 1.7, ina eneo la takriban mita za mraba sita na nusu. Maji yakipanda sentimita 15 juu ya sakafu kabla hayajapenya ndani, hulisukuma gari kuelekea juu kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani moja, na tani moja ndio uzito wenyewe wa gari la aina hiyo. Ukijumlisha sentimita 15 za nafasi iliyo chini ya gari, unapata sentimita 30 kutoka barabarani. Katika kina hicho tairi haziikanyagi tena lami kwa uzito wa kutosha, usukani unakuwa mwepesi, na mkondo mdogo tu unatosha kulihamisha gari. Gari kubwa halina kinga dhidi ya hesabu hii: maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kusomba magari mengi ya abiria, yakiwemo yale ya juu yenye kuendeshwa kwa tairi nne. Kitufe cha tairi nne husaidia kwenye matope. Gari linaloelea halina kazi nacho.

Angalia pia tairi. Sheria katika nchi nyingi huruhusu kina cha kashata, yaani mifereji ya uso wa tairi, kisichopungua milimita 1.6, lakini kwa msimu wa mvua usikubali chini ya milimita 3, kwa sababu tairi kipara haina njia ya kuyatoa maji yaliyo chini yake. Jaribu wipa, taa zote, hazadi na kiyoyozi cha kuondoa ukungu kiooni. Hakikisha abiria wa nyuma wanajua namna ya kufungua mlango na dirisha, na kama dirisha la nyuma limekufa kwa miaka miwili, lipeleke kwa fundi wiki hii.

Mvua ikinyesha na lami bado inaonekana

Punguza mwendo kabla ya kulazimishwa. Washa taa za mbele kwa mwanga wa chini hata kama ni mchana, ongeza umbali kati yako na gari la mbele hadi mara mbili ya kawaida, na usiwashe hazadi ukiwa unatembea, kwa maana anayekufuata hataweza kujua kama umesimama au unakata kona. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa na zaidi, maji membamba tu yanaweza kuingia kati ya tairi na lami na kulifanya gari liteleze juu yake. Utalitambua hilo kwa usukani unaokuwa mwepesi ghafla na injini inayopandisha sauti bila gari kuongeza kasi. Ikitokea, ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki kwa nguvu hadi uhisi tairi zimeshika tena.

Kuyasoma maji

Ukifika mahali barabara imepotea chini ya maji, simama mbali, kwenye sehemu iliyoinuka, pasipo kuziba njia ya wanaotaka kugeuza. Usisimame kwenye kalavati wala kwenye tuta lililo karibu na maji, kwa sababu maji yanaweza kuwa yanakula udongo chini yako. Tumia dakika chache kutazama.

Swali la kwanza ni kama maji yanatembea. Tafuta jani, chupa ya plastiki au povu na ulifuate kwa macho. Kitu kinachokatiza barabara kutoka upande mmoja kwenda mwingine kwa mwendo wa mtu anayetembea kimetosha kukupa jibu, nalo ni kutopita. Kasi ya maji ikiongezeka mara mbili, msukumo wake huongezeka mara nne, na upande mzima wa gari, pamoja na milango yake, huwa ubao wa kupokea msukumo huo. Maji ya kahawia yanayobeba magogo na matawi yana maana nyingine zaidi: huenda mto bado unapanda.

Swali la pili ni kama barabara bado ipo. Maji yaliyokatiza lami kwa saa kadhaa yanaweza kuwa yamechimba bega la barabara na kuiacha lami ikining’inia kama paa lisilo na ukuta. Mawimbi madogo yanayosimama mahali pamoja, au maji yanayozunguka, huashiria shimo au kitu kilichozama. Mjini hatari kubwa ni mtaro usio na mfuniko na chemba ambazo vifuniko vyake vimeinuliwa na maji. Barabara unayoipita kila siku inaweza kuwa na shimo ambalo jana halikuwepo. Tumia vitu vilivyosimama kuwa vipimo: kingo za barabara, nguzo za saruji zinazoonyesha kingo za drifti (kivuko cha zege ambacho maji hupita juu yake), magurudumu ya gari lililoegeshwa, ngazi za duka. Ikiwa nguzo za pande zote mbili za drifti hazionekani, huna namna ya kujua unaelekea wapi.

Swali la tatu ni maji yanapanda au yanashuka. Chomeka kijiti ukingoni au chagua jiwe, urudi kulitazama baada ya dakika kumi. Yakishuka, saa moja ya subira inaweza kukupa barabara. Yakipanda, kila dakika ya kujadiliana inaufanya mradi wa kuvuka kuwa mbaya zaidi, na inaweza pia kukufungia njia ya kurudi.

Kuhusu kushuka na kupima kina kwa miguu, fanya hivyo tu kwa maji yaliyotulia, yasiyofika magotini, ukitanguliza fimbo kabla ya mguu. Usiingie kabisa palipo na nguzo ya umeme iliyolala au waya uliodondoka, wala kwenye maji ya mto unaojulikana kuwa na mamba. Maji ya mafuriko ya mjini yamechanganyika na vyoo, basi mwenye kidonda mguuni amwachie mwingine.

Pembeni mwa maji ya mjini utawakuta vijana wanaosukuma magari kwa malipo, nao watakupungia mkono upite. Hawana nia mbaya, lakini pato lao linatokana na gari linalozimika katikati, kwa hiyo wasiwe mahakimu wako. Badala ya kuwauliza kama unaweza kupita, waulize shimo liko wapi na maji yamewafika wapi mguuni, kisha linganisha na alama za fimbo yako. Majibu ya maswali hayo huwa ya kweli, kwa sababu wameshinda humo tangu asubuhi. Na gari lililopita mbele yako lisikudanganye: Fuso likipita salama limekuonyesha uwezo wa Fuso, na gari dogo lililopita dakika ishirini zilizopita lilipita kwenye maji mengine.

Mahali ambapo jibu ni kugeuza

Geuza gari ikiwa maji yanatembea kuvuka barabara, ikiwa huoni mahali barabara inapotokea upande wa pili, ikiwa polisi au watu wa TANROADS, wakala wa barabara, wameweka kizuizi, ikiwa ni usiku na huifahamu njia, au ikiwa maji yaliyotulia yanazidi ukingo wa chini wa mlango wako. Daraja lililofunikwa na maji haliingii kwenye mjadala hata kama kingo zake zinaonekana. Tarehe 4 Desemba 2021, huko Mwingi nchini Kenya, basi lililobeba wanakwaya na watu wengine waliokuwa wakienda harusini lilijaribu kuvuka Mto Enziu maji yakiwa yamepita juu ya daraja, likapinduka mbele ya watu waliokuwa ukingoni wakitazama. Zaidi ya watu 30 walikufa. Huko Arusha mwezi Aprili 2024, gari lililokuwa likiwapeleka watoto shuleni lilisombwa kwenye korongo na wanafunzi kadhaa wakapoteza maisha. Hiyo ilikuwa safari fupi ya kila siku, na ndizo safari ambazo dereva hujiamini kupita kiasi.

Abiria naye ana haki ya kusema. Ukiwa kwenye basi au daladala na dereva anasogelea maji yaendayo, mwombe kwa sauti asimamishe gari na akushushe kabla hajaingia, na uwashirikishe wenzako. Dereva hukataa ombi la mtu mmoja kirahisi kuliko la watu kumi. Kwa bodaboda na bajaji maelezo ni mafupi, kwa kuwa vyombo hivyo ni vyepesi mno: maji yanayotembea yasivukwe kabisa, hata yakiwa ya kufika kwenye kifundo cha mguu.

Namna ya kuvuka maji yaliyotulia na yanayojulikana

Ukisharidhika kwamba maji hayatembei, kina kiko chini ya alama yako ya mlango, na barabara ni nzima, zima kiyoyozi, fungua vioo vya mbele, na ondoa kufuli za milango. Subiri gari lililoko majini litoke kabisa ndipo uingie, kwa sababu wimbi la gari linalokuja linaweza kuongeza kina mbele ya boneti yako kwa kiasi cha kukuzimia injini. Shika katikati ya barabara, ambako kwa kawaida lami imeinuka kidogo.

Weka gia namba moja, au herufi L kwa gari la otomatiki, na uingie kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kanyaga mafuta kwa kiwango kimoja kisichopungua; kwenye gari la gia za mkono unaweza kuishikilia klachi kidogo ili injini izunguke kwa kasi wakati gari linatembea polepole. Usibadilishe gia katikati, usisimame, na usiongeze mwendo kwa sababu unaona unakaribia kutoka. Anayeingia kwa kasi hurusha maji hadi kwenye mdomo wa hewa na kwenye waya za umeme, hata kama kina chenyewe hakikuwa cha kutisha. Ukihisi mkia wa gari unaelea au usukani umelegea, rudi nyuma polepole kwenye alama zako za tairi.

Ukitoka, breki zimelowa. Tembea taratibu huku ukizikanyaga kidogo kidogo hadi uhisi zinashika kama kawaida, ndipo urudi kwenye mwendo.

Injini ikizimika majini

Usiiwashe tena. Hili ndilo kosa linalogeuza usumbufu wa siku moja kuwa ununuzi wa injini. Hewa hugandamizwa ndani ya silinda, lakini maji hayagandamiziki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, nguvu ya stata yenyewe inaweza kupinda konrodi. Zima swichi, weka gari fri, na kama maji ni ya chini na yametulia, lisukumeni nje. Kama maji yanapanda, acheni gari. Toeni watu kwanza, watoto wakitangulia, muelekee mahali palipoinuka kwa njia mliyokujia, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ambayo mmekwishaijaribu.

Gari likianza kubebwa au kuzama

Muda ni mfupi, kwa hiyo utaratibu uwe kichwani kabla. Fungua mkanda wako, shusha kioo cha pembeni mara moja, kwa kuwa vioo vya umeme huweza kufanya kazi kwa muda mfupi tu baada ya maji kuingia, kisha fungua mikanda ya watoto ukianzia na mkubwa ili akusaidie, na mtoke kupitia dirishani. Usihangaike na mlango. Maji yaliyopanda sentimita 60 kutoka ukingo wa chini wa mlango wenye upana wa mita moja huusukuma mlango huo kwa nguvu ya karibu kilo 180, na mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuushinda msukumo huo akiwa amekaa.

Kioo kikikataa kushuka, kivunje kwa nyundo ndogo ya dharura au kwa chuma cha mto wa kichwa wa kiti, ukipiga pembeni ya kioo cha mlango. Usipige kioo cha mbele. Hicho kimegandishwa kwa tabaka la plastiki na hakipasuki vipande. Kama gari limekwama na maji yanalizunguka, pandeni juu ya paa na mpige simu: nchini Tanzania 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji na 112 ni ya polisi, na Kenya kuna 999 pamoja na 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ukichukuliwa na maji, lala chali huku miguu ikitangulia kufuata mkondo, na upige mikono ukielekea ukingoni kwa mshazari, usipambane na mkondo uso kwa uso.

Baada ya maji

Gari lililozamishwa livutwe hadi gereji bila kuwashwa. Chomoa kwanza betri. Fundi achomoe plagi, azungushe injini kwa mkono ili maji yatoke kwenye silinda, kisha achunguze kichujio cha hewa. Kikiwa kimelowa, maji yamekwishafika ndani. Chomoa stiki ya oili: oili iliyogeuka rangi kama chai ya maziwa imechanganyika na maji na lazima imwagwe pamoja na filta yake. Gia boksi na difu vinapumua kupitia matundu madogo, kwa hiyo navyo huvuta maji vinapopoa ghafla, na wengi husahau kuvikagua. Kwa gari la haiburidi au la umeme, usiguse waya wenye rangi ya chungwa na uwaachie wanaojua mfumo huo, hasa kama maji yalikuwa ya chumvi.

Piga picha za gari na alama ya maji mlangoni kabla ya kuosha chochote, kisha mjulishe wakala wa bima. Bima ndogo hailipi uharibifu wa gari lako. Bima kubwa inaweza kulipa, lakini soma kama mafuriko yametajwa, na ujue kwamba kuwasha injini iliyoingia maji kunaweza kuwa sababu ya kukataliwa malipo. Toa zulia na uanike sakafu, kwa kuwa waya nyingi za gari na wakati mwingine kompyuta yake hupita chini ya hapo na huanza kuota kutu ukidhani mambo yamekwisha. Kwa wiki chache zinazofuata, zima redio mara kwa mara uendapo na usikilize magurudumu. Mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyopanda ni beringi iliyopoteza grisi yake majini, na ibadilishwe kabla ya safari ndefu.